Kiunzi ni cha Farasi, Njia ni Yako

Hotuba ya ufunguzi wa siku ya mafunzo ya kuruka viunzi, kwa wapanda farasi na walimu wao

Walimu wenzangu, wapanda farasi wakubwa kwa wadogo, wazazi mliowasindikiza watoto, na ninyi mnaoamka kabla ya wengine wote kulisha farasi na kusafisha mabanda: habari za asubuhi. Nawashukuru walionialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumfundisha farasi na mpandaji wake waende kwa unyoofu na kwa mdundo wanaporuka. Nitaingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, maana baada ya hapa tunatoka uwanjani, na huko ndiko maneno yangu yatakakopimwa.

Ninaloamini ni hili. Mpandaji haruki. Anayeruka ni farasi. Hakuna binadamu, hata awe na mikono ya chuma, anayeweza kumnyanyua mnyama wa kilo 500 akamvusha juu ya ufito. Mpandaji ana kazi mbili: amlete farasi kwenye kiunzi akiwa amenyooka, na amlete kwa mdundo ambao haubadiliki. Akishafanya hivyo, atulie, amwachie mwenye kuruka aruke. Kiunzi ni cha farasi. Njia ni yako. Makosa mengi ninayoyaona, mwanzo wake ni mpandaji kuiacha kazi yake njiani na kwenda kuhangaika na kazi ya mwenzake.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Miaka mingi iliyopita nilikabidhiwa farasi jike wa rangi ya damu ya mzee, mwepesi, msikivu, mwenye moyo wa kazi. Alikuwa na kasoro moja: tulipokaribia kiunzi alihamia kushoto. Tukianza katikati, tunatua karibu na nguzo ya kushoto. Mara mbili goti langu liliigonga nguzo ile hadi nikachechemea. Nikaamua moyoni kwamba ni mkaidi. Nikawa namvuta kwa hatamu ya kulia, leo kwa nguvu kuliko jana. Ilipokosa kusaidia nikambadilishia lijamu, kile chuma cha mdomoni, nikamtia kali zaidi, na mjeledi nikauhamishia mkono wa kushoto nikawa nampiga begani. Msimu mzima. Akaanza kufika kwenye viunzi masikio yamelala nyuma, mdomo wazi, shingo imekaza. Na mimi nikayachukua yote hayo kuwa ushahidi wa ukaidi wake.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akitunza farasi pale. Hakuwa mwalimu. Asubuhi moja, uwanja ukiwa bado mtupu, alichukua reki akausawazisha mchanga mbele na nyuma ya kiunzi, polepole, mpaka ukawa kama shuka lililopigwa pasi. Kisha akaniambia, "Ruka mara moja, halafu shuka uje usome."

Niliruka, nikashuka. Tukachuchumaa wote wawili. Hatua tatu kabla ya kiunzi, kwato za nyuma zilikuwa zimeacha kufuata kwato za mbele. Zimetoka nje ya njia kwa upana wa kiganja, hatua iliyofuata kwa viganja viwili. Kwato ya mbele ya kushoto ilikuwa imechimba mchanga kuliko zote, pembeni yake kumeinuka tuta dogo, kuonyesha kwamba uzito wote ulikuwa ukimwagikia kwenye bega lile. Upande wa pili wa kiunzi tulikuwa tumetua mita nzima kushoto kwa mahali tulipopaswa kutua. Mzee hakusema kitu. Alikwenda kwenye tandiko langu, akachomoa mikanda ya rikabu zote mbili, vile vikanyagio vya miguu ya mpandaji, akaining'iniza pamoja kwenye msumari mmoja. Matundu yalikuwa sawasawa. Mikanda haikuwa sawa. Wa kushoto ulikuwa mrefu kwa upana wa vidole viwili.

Ninyi mliopanda miaka mingi mnajua sababu. Tunapanda kutokea kushoto, kila siku, na kila tunapojivuta juu, mkanda ule ndio unaobeba uzito wetu wote. Ngozi inanyooka kidogo kidogo hadi inarefuka, na hakuna anayeona kwa sababu jicho linatazama matundu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukiitafuta rikabu kule chini, nyonga inashuka, mwili unaelemea kushoto. Farasi aliyefundishwa vizuri huufuata uzito wa mpandaji, hujiweka chini yake. Yule niliyemwita mkaidi alikuwa akinitii. Na hatamu yangu ya kulia ilizidi kumharibu: ukivuta hatamu moja, shingo inapinda upande ule na bega la upande wa pili linapata mlango wa kutokea. Nilikuwa namsukuma kushoto kwa uzito, namfungulia njia ya kushoto kwa hatamu, kisha namwadhibu kwa kwenda kushoto.

Nilimrudishia lijamu laini, nikabadilisha mikanda, nikakaa naye wiki kadhaa kwenye fito za chini bila kuruka hata kiunzi kimoja. Masikio yalirudi mbele kabla ya unyoofu kurudi. Siwezi kulisimulia hili bila moyo kuniuma, lakini nalisimulia kila ninapoitwa, kwa sababu najua humu ndani yupo farasi mwingine anayelipia kosa kama langu.

Kwa hiyo, kabla hatujagusa mafunzo: badilishaneni mikanda ya rikabu, wa kushoto uende kulia, kila baada ya wiki chache. Mtazame tandiko kwa nyuma, farasi akiwa amesimama sawa, muone kama limekaa katikati ya uti wa mgongo. Farasi aliyekuwa akienda sawa akaanza ghafla kuchepuka au kugoma, mtafuteni daktari wa mifugo kwanza. Meno, mgongo na kwato huzungumza kwa lugha hiyo hiyo ya kuchepuka. Na mpandaji naye ajipime. Chukua mizani mbili za kupimia uzito wa mtu, simama mguu mmoja huku, mwingine kule, fumba macho, mwenzako asome namba. Wengi hushtuka.

Sasa, unyoofu wenyewe ni nini? Watu hutazama shingo. Shingo mimi ndiyo huitazama mwisho. Farasi amenyooka pale mguu wa nyuma wa kulia unapokanyaga katika njia ya mguu wa mbele wa kulia, na wa kushoto vivyo hivyo. Hata akiwa kwenye duara tunasema amenyooka, kama mwili wake umepinda kiasi cha duara lenyewe na nyayo za nyuma zinazifuata za mbele.

Hakuna farasi anayezaliwa hivyo. Kila mmoja ana upande anaoupenda, kama sisi tulivyo na mkono wa kuandikia. Zaidi ya hapo, mabega yake ni membamba kuliko nyonga. Ukimpeleka kando ya ukuta, anauegemea ukuta kwa bega na kwa nyonga, na kwa kuwa nyonga ni pana, makalio yanajikuta ndani ya uwanja. Mpandaji hahisi lolote. Anaona ukuta umenyooka, anadhani na farasi amenyooka. Ndiyo maana nawasihi mwende mita mbili ndani, mbali na ukuta, ambako hakuna cha kuegemea. Na mkiona amepinda, msiyasukume makalio. Yaleteni mabega mbele ya makalio. Mabega ndiyo mepesi kuongoza, yako mbele ya mikono yenu na kati ya hatamu mbili.

Wapo wanaosema unyoofu ni muhimu kwa sababu farasi akichepuka anaharibu umbali kati ya viunzi. Tupige hesabu. Viunzi viwili vimeachana mita 18, na farasi amehama mita 2 nzima upande mmoja. Njia yake imerefuka kwa sentimita 11. Basi. Umbali haujaharibika kiasi hicho. Kinachoharibika ni nguvu. Mguu wa nyuma ukisukuma ukiwa chini ya mwili, nguvu hupita mgongoni na kuyanyanyua mabega. Ukisukuma ukiwa pembeni, sehemu ya nguvu hiyo inamsogeza farasi kando badala ya kumpandisha, na yeye, ili asiguse ufito, inabidi ajivute kwa kupinda mwili hewani. Leo atafanikiwa, kwenye kiunzi cha sentimita 80. Kwenye cha mita 1.30 hataweza. Kisha anapotua, mguu mmoja wa mbele hufika chini kabla ya mwenzake na kuupokea mwili wote. Farasi aliyepinda upande mmoja kila siku, mara nyingi huupa kazi hiyo mguu uleule. Kano za mguu wa farasi hazina kipuri.

Mahali umbali unapoharibika kweli ni kwenye kona, na hapo ndipo unyoofu na mdundo vinapoonyesha kwamba ni kitu kimoja. Chukua nusu duara ya kipenyo cha mita 20, yaani mita 10 kutoka katikati. Farasi akitoka nje kwa bega, akapanuka mita 1 tu, njia yake inaongezeka kwa zaidi ya mita 3. Hiyo ni karibu hatua nzima ya kanta, ule mwendo wa kukimbia kwa utulivu ambao farasi huruka nao. Mpandaji anafika kwenye kiunzi anashangaa hatua imepungua au imezidi, anamlaumu farasi, anamlaumu mwalimu, anaulaumu uwanja. Aliipoteza kule nyuma, kwenye kona, bega la nje lilipomtoroka.

Nije kwenye mdundo.

Kanta ni mwendo wa mapigo matatu na kitambo kidogo cha farasi kuwa hewani: moja, mbili, tatu, kimya, moja, mbili, tatu, kimya. Kile kimya ndicho kinachotambulisha kanta nzuri. Ukikisikia, farasi ana nguvu na ana nafasi ya kujipanga. Kikipotea, yakasikika mapigo manne yaliyofuatana ovyo ovyo, farasi amelala kwenye mabega, na hapo hata kiunzi kidogo kitamshinda. Nafundisha watoto kufumba macho wakiwa pembeni mwa uwanja na kusikiliza tu. Sikio huelewa haraka kuliko jicho.

Kasi si mdundo. Hapa ndipo wengi hukosea. Kwenye mashindano mengi kasi huwekwa kuanzia mita 350 kwa dakika. Farasi mkubwa wa kawaida huchukua kama mita 3.5 kwa kila hatua ya kanta. Gawanya: ni hatua 100 kwa dakika. Namba hiyo ni zawadi kwetu, kwa sababu unaweza kuisikia. Weka metronomu, programu ya kupiga mdundo, kwenye simu kwa mapigo 100, iache ilie, panda farasi, acha kila pigo liwe hatua moja. Utagundua kama ulivyokuwa ukienda ni pungufu au zaidi, na zaidi ya yote utagundua mahali unapobadilika. Karibu kila mpandaji hubadilika mahali palepale: hatua tatu za mwisho. Mmoja anakurupuka, anamsukuma farasi. Mwingine anaogopa, anamvuta. Farasi anayeandamana nao hujifunza kwamba kila kiunzi kinapokaribia, juu ya mgongo wake kuna fujo. Naye huanza kuikimbia ile fujo. Ama atakwenda shoti kwenye kiunzi, ama atagoma. Tunamwita mwoga au mwenye kichwa kigumu. Ameogopa kile tunachomfanyia.

Zoezi langu la kwanza la mdundo halina kiunzi. Laza fito mbili chini, zimeachana mita 18, katika mstari mmoja. Ingia kwa kanta, hesabu hatua zilizo kati yake kwa sauti. Kwa hatua ndefu ya mashindano utapata nne, kwa hatua iliyokusanywa, yaani iliyofupishwa bila kupoteza nguvu, utapata tano. Sijali umepata ngapi. Najali upate zile zile mara sita mfululizo, kutoka kushoto na kutoka kulia, bila kuona mkono wako ukisogea. Akishaweza, ndipo namwambia: sasa nipe tano, rudi unipe nne, rudi unipe tano. Na hapo mdundo haubadiliki. Urefu wa hatua ndio unaobadilika. Ngoma ni ileile, mchezaji anafupisha au anarefusha hatua. Mpandaji akiweza hili juu ya fito zilizolala, nusu ya kuruka ameshamaliza. Na mnaweza kulirudia kila siku bila kuichosha miguu ya farasi.

Hesabuni kwenda mbele: moja, mbili, tatu. Najua wapo walimu wanaohesabu kurudi nyuma, tano, nne, tatu. Nimeona kinachotokea. Mtoto akishataja tatu anahisi lazima iwe kweli, anamkimbiza farasi ili ukweli utimie. Kuhesabu kwenda mbele hakumdai farasi chochote.

Hii inanileta kwenye swali ninaloulizwa kila mara: "Mwalimu, nitaonaje mahali pa kurukia?" Jibu langu huwaudhi baadhi ya wenzangu, lakini nalisema. Kwa mpandaji anayejifunza, usipatafute. Hatua ya farasi ni mita 3.5, maana yake, hata mkifika vibaya kabisa, mmekosea kwa nusu hatua, mita 1.75 hivi. Kwenye kiunzi kidogo, farasi aliyenyooka mwenye mdundo hulitatua hilo mwenyewe: atafupisha hatua ya mwisho au ataruka mapema kidogo. Anachoshindwa kukitatua ni mpandaji aliyebadilisha kila kitu ndani ya hatua tatu akitafuta ukamilifu. Jicho la kuona mahali pa kurukia huja lenyewe, kwa sababu mdundo ukiwa sawa, ubongo una kitu cha kupimia. Bila mdundo, jicho linapima kwa kamba inayonyumbuka.

Waitaliano walilielewa hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la farasi aliyeishi kati ya 1868 na 1907, aliwatazama farasi wakiruka wakiwa huru, bila mtu mgongoni. Zama zile wapandaji waliegemea nyuma hewani na kushikilia hatamu, wakiamini wanamsaidia farasi kutua. Caprilli akaona kwamba farasi akiachwa hutanua shingo na kuukunja mgongo wake mwenyewe. Akafupisha rikabu, akamleta mpandaji mbele, akaamuru mikono imfuate farasi. Leo sote tunapanda kwa urithi ule. Wajerumani nao, katika ngazi yao ya mafunzo yenye hatua sita, mdundo wameuweka wa kwanza kabisa na unyoofu wa tano. Wengine husoma ngazi ile wakadhani unyoofu si wa haraka. Mimi naisoma hivi: farasi mchanga mpe mdundo kwanza, kwa sababu anao tayari, ni wake wa asili, kazi yako ni kutouharibu. Unyoofu unahitaji misuli, na misuli inahitaji miezi. Farasi wa miaka minne akipepesuka kidogo, msimwadhibu. Hajaasi, hajapata nguvu.

Kuna farasi mmoja ninayependa kuwasimulia watoto. Halla, farasi jike, Olimpiki ya 1956. Michezo ilikuwa Melbourne, lakini sheria za karantini za Australia zilifanya mashindano ya farasi yahamishiwe Stockholm. Katika raundi ya kwanza mpandaji wake, Hans Günter Winkler, aliumia kinena. Raundi ya pili alipanda akiwa na maumivu makali, hawezi kumsukuma farasi wala kumzuia kama kawaida. Alichoweza ni kumwelekeza na kubaki juu. Halla akapita viunzi vyote bila kosa hata moja, Winkler akapata dhahabu yake binafsi na ya timu. Watu husema ni muujiza. Miujiza sibishani nayo, ila nyuma ya siku ile kulikuwa na miaka ya kazi ya kila asubuhi. Farasi yule alikuwa na njia na mdundo mwilini mwake, kiasi kwamba mpandaji alipoondolewa vitendea kazi vyake vyote, kazi ilikwisha kufanyika.

Sasa mazoezi ya unyoofu mtakayoyaona leo. Tunaweka kiunzi cha msalaba, fito mbili zilizokingamana, kwa sababu sehemu yake ya chini kabisa ni katikati na farasi mwenyewe anaiona. Kumbukeni macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, lakini moja kwa moja mbele ya paji la uso wake haoni, na anapofika karibu sana ufito unamtoka machoni. Anaruka kwa kumbukumbu ya alichokiona hatua chache nyuma. Ukimfikisha akiwa amepinda, au ukimnyima shingo, umemnyang'anya hata kumbukumbu hiyo. Mbele ya msalaba tunalaza fito mbili sambamba kama uchochoro, na nyuma yake nyingine mbili, zikianzia mita 3 baada ya kiunzi ili asije akatua juu yake. Mwanzo uchochoro uwe mpana, mita 2.5. Tutaubana polepole kadiri farasi anavyotulia. Nikiona farasi ameingiwa na wasiwasi nitaupanua tena. Hakuna aibu katika kurudi nyuma.

Mtakuja kwa troti, mwendo wa mapigo mawili ulio wa polepole kuliko kanta, juu ya fito tatu zilizoachana mita 1.3, kisha nafasi ya kama mita 2.5, kisha msalaba. Fito hizo zitampa farasi mdundo, nanyi hamtakuwa na la kufanya ila kutazama mbele. Nimeweka pipa jeupe mwisho wa uwanja. Tazameni pipa, kati ya masikio ya farasi, tangu mnapotoka kwenye kona hadi mnaposimama. Ndiyo, mtasimama. Baada ya kutua, nyoosheni hatua tano, sita, kisha msimamishe farasi kabisa, juu ya mstari uleule, kabla ya pipa. Kusimama huku ndiko kunakosema kweli. Farasi anayesimama miguu minne sawasawa alikuja amenyooka. Anayesimama kiuno kimetoka kulia, aliruka kiuno kimetoka kulia, hata kama hakuna aliyeona. Wapandaji wengi huiacha kazi mara tu kwato zinapogusa chini, wakampiga farasi shingoni kwa kumpongeza, hatamu zinaning'inia, naye anajichagulia kona. Kwenye mashindano, pale unapotua ndipo kiunzi kinachofuata kimeanza.

Akichepuka, msimvute kwa hatamu ya upande wa pili. Nimeshawaambia nilivyofanya mimi. Fungeni mlango anaotokea: akitokea kushoto, hatamu ya kushoto iwe karibu na shingo, mguu wa kushoto ukae ubavuni karibu na mkanda wa tumbo, macho yabaki kwenye pipa. Mikono yote miwili kama kuta mbili za uchochoro.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tunapenda kusimama ubavuni mwa kiunzi, kwa sababu hapo tunaona magoti yakikunjwa na mgongo ukipinda vizuri hewani. Ukiwa ubavuni unaona mdundo. Unyoofu huuoni kabisa. Nendeni mwisho wa mstari, kaeni pale nilipoweka pipa, mtazame farasi akiwajia. Mtaona bega likitoka, mtaona nyonga ya mpandaji ikishuka, mtaona rikabu moja iko chini kuliko nyingine. Na tuache kupiga kelele katika hatua tatu za mwisho. "Mbele!" "Ngoja!" Mtoto hawezi kutii amri, kuhesabu na kupumua kwa wakati mmoja. Ukiwa na la kusema, liseme kwenye kona, au subiri asimame.

Na kwa wazazi: najua mnatamani kuona ufito ukipandishwa. Leo hautapanda. Utabaki sentimita 50 hadi saa sita mchana, na nawaomba msimwulize mtoto ameruka urefu gani. Mwulizeni alihesabu hatua ngapi, na kama zilikuwa zile zile alipotokea upande wa pili.

Mchanga umeshasawazishwa, reki nimeiacha pembeni. Kila mmoja atakaporuka mara ya kwanza, atashuka, atampa mwenzake farasi ashike, kisha tutachuchumaa pamoja tusome nyayo kabla hazijafutwa. Watatu wa kwanza nendeni mkatandike. Chomoeni mikanda ya rikabu, mniletee hapa niione ikining'inia sambamba, halafu ndipo mpande.